Nikon F80 kwa jua la Nairobi: anza na mkanda wa 200

Nikon F80 ilitoka mwaka 2000, na kwa mtu wa Nairobi anayetaka kamera ya filamu inayojifokasi yenyewe bila kugharamia F100, dada yake mkubwa wa bei ghali, mimi naipendekeza hii. Mota ya kufokasi imo ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi za AF na AF-D, kama 50mm f/1.8D, hufanya kazi kikamilifu. Za AF-S na za G zisizo na pete ya apecha (tundu la kupitisha mwanga) nazo zinakubali. Za AF-P na zile mpya za aina ya E ziache dukani. Lenzi kuukuu za kufokasi kwa mkono za aina ya AI zinaingia, ila kipima mwanga hakizisomi.

Shata inafika 1/4000, na kasi hiyo ndiyo inayoamua ununue mkanda gani. Saa sita mchana jua la hapa hukaa karibu na utosi, na kanuni ya wapiga picha ni f/16 (namba ya apecha; ikiwa ndogo tundu ni kubwa na nyuma hufifia) kwa kasi ya shata sawa na ISO, yaani namba ya mkanda. Tia mkanda wa 400 ufanye hesabu: f/8 inataka 1/1600, f/5.6 inataka 1/3200, f/4 inataka 1/6400 ambayo kamera haina. Ukitaka uso uonekane vizuri na majengo ya nyuma yafifie, umekwama. Kwa mkanda wa 200, f/4 inatosha kwa 1/3200. Ndiyo maana mchana natia Kodak Gold 200 au ColorPlus 200. Mkanda wa 400 una kazi Juni hadi Agosti mawingu yakifunga kutwa, au chini ya miti ya Karura.

Usiku, kwa matatu na taa zake pale mtaa wa Tom Mboya, HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya 400, ipigwe kwa 1600. Kamera husoma msimbo wa kopo na kujiwekea 400, kwa hiyo geuza gurudumu la kushoto hadi ISO, zungusha gurudumu la amri la nyuma mpaka 1600, kisha rudi kwenye A, ambapo wewe huchagua apecha na kamera huchagua kasi. Mkanda wote upigwe hivyo, kwa sababu utaoshwa wote kwa muda mmoja. Andika 1600 juu ya kopo na umwambie fundi wa studio kabla hajaugusa.

Kupima mwanga ni kuzuri, lakini mtu akisimama mbele ya anga nyeupe, kipimo cha eneo lote humfanya awe kivuli. Tumia kipimo cha nukta, ambacho hapa hufuata nukta ya fokasi uliyochagua kati ya tano. Pima shavuni, funga kwa kitufe cha AE-L, upige. Kwa ngozi nyeusi sana punguza stopu moja (nusu ya mwanga), maana kipima hutaka kuifanya kijivu. Filamu ya negativu husamehe mwanga ukizidi. Filamu ya slaidi haisamehe kabisa.

Flashi ya juu usiitegemee adhuhuri. Kasi ya mwisho ya shata inayoendana nayo ni 1/125, maana yake mkanda wa 100 unakupeleka karibu f/16, na kwa namba yake ya nguvu ya 12 (igawe kwa namba ya f upate mita) haimulikii hata mita moja kwa nguvu zote. Jioni ni sawa.

Betri ni mbili za CR123A, volti 3 kila moja. Zisizoweza kuchajiwa ndizo sahihi. Zile za kuchaji zenye umbo lilelile, 16340, zikijaa hufika volti 4.2, mbili ni 8.4 badala ya 6, na unaweza kuunguza saketi.

Ukipakia mkanda, vuta ncha hadi alama nyekundu tu, ufunge. Namba 1 ikitokea kwenye skrini, umeshika. E ikimetameta, fungua upange upya.

Ya kukagua kabla ya kulipa: mlango wa nyuma. Mpira wake huyeyuka kwa miaka na kunata mikononi. Spiriti ya isopropili na kitambaa huutoa, kazi ya nusu saa, kwa hiyo usiogope, ila punguza bei. Tazama na mapazia ya shata kama yana mafuta au alama za vidole. Muuzaji akisema kamera ni nzima ila hana betri za kuijaribia, nunua mbili zako kwanza, uende nazo.