Mifupa Mibichi ya Mbwa: Ya Kununua Tanga, na ya Kumwachia Mwenye Bucha

Mbwa wengi wa hapa mjini hula makombo: ugali uliolala, vichwa vya samaki, mifupa ya kuku wa chipsi. Hiyo mifupa ya kuku wa chipsi ndiyo mibaya kupita yote. Mfupa ukishapikwa hukauka, na mbwa akiuvunja hutoa vibanzi vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Mfupa mbichi hutafunika. Kwa hiyo ninayoipanga hapa inaliwa mbichi, ila pale nitakaposema chemsha.

Ninachoangalia kwanza ni kazi ambayo mfupa huo uliifanya kwa mnyama mwenyewe. Uliobeba uzito wa ng'ombe utamvunja mbwa meno, na kwa bahati mbaya ndio wanaokutupia kwa bei ya chini kabisa.

1. Shingo za kuku wa kisasa. Broila huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake haijakomaa, na shingo ni pingili ndogondogo zenye nyama na gegedu. Pale Mgandini ulizia kwa wauza kuku, wala usione haya kusema ni za mbwa. Nenda asubuhi wakichinja, maana joto letu halisubiri. Shingo nzuri ina rangi ya waridi na haitelezi mkononi. Ukiona ukijivu na utelezi, hata ukipewa bure iache. Kuku wa mayai waliozeeka siwapendi kwa kazi hii, mifupa yao imeisha chokaa, yaani kalsiamu, na hukatika vibaya.

Shingo zina kasoro moja: mbwa mkubwa mwenye pupa huimeza nzima akakabwa. Huyo mnunulie mgongo mzima wa kuku. Mfupa uwe mkubwa kuliko mdomo wake, ili alazimike kutafuna, nawe usimame hapo mpaka amalize.

2. Mbavu na kifua cha mbuzi. Kwa mbwa wa kilo 25 kwenda juu ningeziweka hata mbele ya shingo, kama si bei. Watu nao wanazitaka kwa supu. Kabla shoka halijashuka sema, "Kaka, usinikatie, nipe bapa zima." Shoka likishapita unabeba vibanzi.

3. Miguu ya kuku. Rahisi, imejaa gegedu, inamtosha mbwa koko mdogo. Ichukue kama kitafunio, isiwe mlo.

Ya mwisho: mifupa ya paja na miguu ya ng'ombe. Usinunue. Ukikatiwa kwa msumeno ikawa duara, uboho ukiisha ile pete huweza kunasa kwenye taya la chini, na kuitoa ni kazi ya daktari wa mifugo.

Pafu na maini si mifupa, lakini utauziwa hapohapo, na hapa sina mzaha. Pafu na ini la mbuzi, kondoo au ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vijana wa minyoo tegu. Mbwa akila vibichi minyoo hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza huota uvimbe kwenye ini au mapafu. Chemsha nusu saa nzima, na dawa yake ya minyoo iwe na prazikwanteli.

Ukipita soko la samaki la Deep Sea, uono na dagaa nao wachemshe, kwa kuwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, usimpe kabisa. Sumu yake haiondoki kwa moto.

Mbwa mzima wa kilo 15 hula kama gramu 300 hadi 450 kwa siku, na mfupa wenyewe uwe karibu sehemu moja ya kumi. Shingo mbili zinatosha; kinachobaki kiwe nyama, maini kidogo, na ugali wake hakuna anayemnyang'anya.

Wapo madaktari wasiotaka nyama mbichi kabisa. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kimeweka msimamo huo tangu 2012, na hoja yao ya bakteria wa salmonela ni ya kweli. Friza haiui salmonela, inailaza tu. Kisu, ubao na sufuria ya mbwa viwe vyake peke yake. Nyumba nyingi za Waislamu pale Ngamiani hilo halihitaji kuhubiriwa, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Penye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, mimi ningempikia mbwa nyama bila mfupa yakaisha.

Watoto wa mbwa wa mbegu kubwa wasianzishiwe mifupa bila daktari, chokaa ikizidi huharibu viungo vyao. Kwa mbwa mzima angalia kinyesi: kikitoka cheupe na kikavu kama chaki, mfupa umezidi. Msimamishie mifupa siku mbili tatu, kisha umrudishie nusu. Akitapika tapika, akijikunja tumbo au akishindwa kujisaidia, mpeleke siku hiyohiyo.