Stockfish: injini ya chesi ya bure ambayo hakuna binadamu anaiweza

Wakuu habari zenu, leo nachambua Stockfish, programu ya kompyuta inayocheza chesi (ndo huitwa injini), na naanzia ilikotoka maana hapo ndo utamu wote ulipo.

Kuna Mnorwei anaitwa Tord Romstad, alikuwa na injini yake ya chesi inaitwa Glaurung, na kodi zake (maandishi ya programu) akaziacha wazi kwa leseni ya GPL, yeyote achukue aboreshe. Basi 2008 Mwitaliano Marco Costalba akachukua Glaurung 2.1, akaisafisha, akaisahihisha, Novemba akaitoa kwa jina la Stockfish. Romstad hakununa bwana, akaingia wakaijenga pamoja, na Joona Kiiski wa Finland naye akawepo.

Sasa kazi yake. Injini inapita kwenye matawi ya miendo, ikiona tawi mpinzani ana jibu linalokuumiza inalikata inaenda lingine, ndo maana inafika mbali haraka. Mwisho wa tawi inapima nani yuko vizuri, na zamani vipimo hivyo watu waliviandika kwa mkono, usalama wa mfalme, mpangilio wa pawni, vitu kama hivyo. Septemba 2020 kwenye Stockfish 12 wakaingiza NNUE, mtandao mdogo wa neva (programu inayojifunza kupima kutokana na mifano) ambao Yu Nasu wa Japani aliubuni kwa ajili ya shogi, chesi ya Kijapani, na unakimbia kwenye prosesa ya kawaida tu. Nguvu yake ikapanda sana.

Ila kinachonigusa mimi ni Fishtest, mfumo wa kupima mabadiliko ya Stockfish, ambao Gary Linscott aliuleta 2013. Ukitaka kubadilisha chochote, hata namba moja, toleo lako linachezeshwa na la zamani maelfu ya gemu kwenye kompyuta za watu wanaojitolea, uwe mkongwe uwe mgeni, isipoonekana imeongeza nguvu, au kama ni kurahisisha kodi tu basi haijapunguza, haiingii. Hapo hakuna kujuana. Na sasa hivi kwenye orodha za injini iko juu ya pointi 3500 za Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji), wakati kilele cha Magnus Carlsen, bingwa wa zamani wa dunia, ni 2882.

Kwenye simu ya Android chukua DroidFish, app yenye Stockfish ndani, ukishaipakua haihitaji bando. Ile namba unayoiona ya nani yuko vizuri, toka toleo la 15.1 la Stockfish, +1.00 maana yake upande ulio mbele una nafasi asilimia 50 ya kushinda dhidi ya mpinzani wa nguvu sawa, si kwamba umezidi pawni moja, wengi bado wanaisoma vibaya.

Udhaifu upo. Haikuambii kwa nini mwendo ni mbaya, inakupa mwendo bora na namba basi. Na ukiipunguza nguvu ili ucheze nayo haichezi kama mtu, inapiga miendo ya kibingwa halafu ghafla inatoa farasi bure, kwa mazoezi siipendekezi kabisa. Cheza na watu, pitia gemu yako mwenyewe kwanza uandike ulipodhani umekosea, ndo uifungue Stockfish ulinganishe.