Bia za abasia za Ubelgiji: ipi ununue kwanza

Anayeifahamu Peramiho au Ndanda haelezwi abasia ni nini. Watawa wana bustani, karakana na mifugo, na wanaishi kwa kazi ya mikono yao. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiingia dukani Brussels na kuona mnara wa kanisa kwenye lebo ya bia, anaamini papo hapo kwamba imepikwa na mtawa. Mara nyingi sivyo, na ningependa ulijue hilo kabla hujalipa.

Chukua Leffe, ambayo huikosi karibu duka lolote. Abasia yake ilianzishwa mwaka 1152 kando ya mto Meuse, jirani na mji wa Dinant, na watawa wa shirika la Mtakatifu Norbert walianza kupika bia mwaka 1240. Wakapigwa na mafuriko, wakaunguliwa na moto, kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakawatawanya na upishi ukazimika. Watawa walirudi mwanzoni mwa karne ya 20, lakini bia ilisubiri hadi 1952. Mwaka huo abate Cyrille Nys, abasia yake ikiwa na shida ya fedha, alikubaliana na mpishi wa bia Albert Lootvoet: yeye apike na kuuza, abasia ipate mrabaha. Leo jina hilo liko chini ya AB InBev, bia inapikwa Leuven katika kiwanda kinachotoa pia Stella Artois, na abasia bado inalipwa. Mimi siuiti huo udanganyifu. Ila ulipie bei ya bia nzuri ya kiwandani, usilipie sala za watawa.

Kabla ya jina, tazama alama. Ile ya pembe sita yenye maneno Authentic Trappist Product inamaanisha bia imepikwa ndani ya eneo la abasia ya Watrapisti, shirika la watawa wenye kanuni kali, wenyewe wakiisimamia, na faida inakwenda kutunza abasia na kusaidia wahitaji. Wanaoitoa hawana mzaha: abasia ya Achel iliipoteza mwaka 2021 kwa sababu haikubaki na watawa wake. Alama nyingine, Erkend Belgisch Abdijbier, ilianza 1999; hiyo inathibitisha tu kwamba kiwanda kina uhusiano wa kweli na abasia na kinailipa.

Nafasi ya kwanza naipa Westmalle Tripel, bia ya Watrapisti, bila kusita. Ilitoka mwaka 1934, ina kilevi asilimia 9.5, na wengi walioita bia zao tripel, yaani bia ya dhahabu yenye kilevi kikali, waliifuata hiyo. Inamisha glasi, mimina taratibu ukiacha povu jeupe lipande, halafu simamisha chupa ikibaki kama upana wa kidole. Ule ukungu chini ni hamira. Ukiumwaga wote, rangi ya dhahabu inageuka maji ya matope na uchungu wake unaongezeka. Kwanza utanusa kitu kama ndizi mbivu, mwishoni ulimi unabaki mkavu. Kunywa moja, pamoja na chakula.

Ya pili ni Chimay Rouge, asilimia 7, nyekundu ya udongo na laini kuliko Westmalle. Inatoka abasia ya Scourmont, ambayo watawa wake ndio walioanzisha monasteri ya Mokoto kule Kivu mwaka 1954. Kwa msomaji wa Goma, hilo si jambo la mbali.

Ya tatu, St. Bernardus Abt 12 kutoka Watou. Haina mtawa, lakini kiwanda hiki kilipika bia za abasia ya Watrapisti ya Westvleteren kwa leseni tangu 1946 hadi 1992, na undugu unaonekana: nzito, nyeusi, asilimia 10. Westvleteren 12 yenyewe inauzwa na abasia kwa kuweka oda, kwa hiyo walanguzi wanaipandisha bei. Usiwape pesa yako, nunua St. Bernardus.

Leffe Blonde naiweka ya nne. Ina asilimia 6.6, ni tamu kidogo, inamfaa mgeni aliyezoea bia nyepesi. Grimbergen iko nyuma yake, kwani utamu wake unanichosha kabla ya nusu glasi. Tangu 2021 wana kiwanda kidogo ndani ya abasia, lakini chupa za kawaida za madukani bado zinatoka viwanda vikubwa.

Orval, nayo bia ya Watrapisti, sikuipanga makusudi. Hamira yake ya mwituni inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa, hivyo changa na ya mwaka mzima ni kama bia mbili tofauti. Soma tarehe ya kufungashwa kwenye lebo, nunua mbili, fungua moja sasa, nyingine iweke gizani ikiwa imesimama wima.