Seti ya Majilio ya duka la parokia: kijitabu kimeipita mishumaa

Seti ninayoitathmini hapa inauzwa katika duka la vifaa vya ibada la parokia moja jijini Dar es Salaam, nasi tuliitumia nyumbani katika Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, yaliyoanza Dominika (Jumapili) ya tarehe 30 Novemba 2025. Ndani ya boksi mna shada la plastiki lenye vishikio vinne, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, mshumaa mweupe mwembamba wa usiku wa Noeli, utepe wa kupambia, na kijitabu cha tafakari na sala za familia kwa kila siku hadi tarehe 24 Desemba. Bei yake ni shilingi 35,000, ambayo si ndogo kwa familia nyingi. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama vifaa hivi vinamsaidia Mkristo kufika kanisani akiwa tayari kuadhimisha Misa, au vinapamba meza ya sebuleni tu. Kwa kipimo hicho, kijitabu peke yake ndicho kinachoibeba seti nzima.

Mpangilio wake ni mwepesi. Kila jioni kuna kifungu kifupi kutoka katika masomo ya Misa ya siku hiyo, tafakari isiyozidi nusu ukurasa, maombi machache, na sala ya Malaika wa Bwana. Jumamosi mpangilio hubadilika: familia inaelekezwa kusoma masomo yote ya Dominika inayofuata, pamoja na zaburi, kisha kuwasha mshumaa mpya. Watayarishaji wameuzingatia utaratibu wa Kanisa, kwa kuwa Dominika huanza kwa Masifu ya Jioni, yaani sala ya jioni ya Kanisa, ya Jumamosi, na Majilio yenyewe huanza hivyo hivyo. Faida yake ilionekana kanisani. Msomaji anapopanda mimbarini kusoma Isaya, waumini wengi huwa wanalisikia somo hilo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kwa kuwa masomo ya Dominika huzunguka kwa Mwaka A, B na C, na kabla hawajajua nabii anazungumza na nani, somo limekwisha. Mtu aliyelisoma jana yake kwa sauti, akaulizwa na mtoto wake maana ya shina la Yese, hulisikiliza kwa sikio jingine kabisa, na hata mahubiri hayampiti juu juu.

Kijitabu pia hakikurukia horini. Hili nalisifu kwa makusudi, kwa sababu maandalio mengi ya Majilio yanayosambazwa siku hizi huanza na mtoto Yesu, wachungaji na nyota tangu siku ya kwanza, kana kwamba majuma manne yote ni foleni ya kuingilia Noeli. Liturujia haiendi hivyo. Hadi tarehe 16 Desemba Kanisa linaelekeza macho hasa kwenye ujio wa pili wa Bwana, na ni kuanzia tarehe 17 ndipo linapogeukia moja kwa moja kuzaliwa kwake. Katika Mwaka A, ambao ni mwaka wa Injili ya Mathayo, Injili ya Dominika ya kwanza ni ile ya siku za Nuhu, watu wakila na kunywa, wakioa na kuoza, wasitambue lolote mpaka gharika ikaja. Tafakari ya siku hiyo inaishikilia Injili hiyo bila kuilainisha, na inamuuliza msomaji ni mazoea gani yake ya kila siku yanayomfanya asinzie. Ni swali gumu kuliko lile la nguo za sikukuu.

Tafakari iliyonigusa zaidi ni ya Dominika ya tatu, ambayo ni Dominika ya Furaha. Somo la pili la siku hiyo ni la Waraka wa Yakobo, mahali mtume anapomtaja mkulima anayeyangoja mazao ya nchi kwa uvumilivu mpaka yapate mvua za kwanza na za mwisho. Mwandishi wa kijitabu amelisoma somo hilo akiwa na Desemba yetu mbele ya macho, wakati mikoa yenye mvua za vuli inapotazama mawingu, mbegu zimekwisha kuzikwa na mwenye shamba hana la kufanya ila kupalilia na kungoja. Hakuongeza mengi. Aliliweka somo hilo kando ya Injili ya siku, ambamo Yohane Mbatizaji, akiwa gerezani, anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama yeye ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine, kisha akaonyesha kwamba Kanisa limechagua kuiweka furaha siku moja na swali la mfungwa. Padre anapovaa kasula, vazi la juu la Misa, ya rangi ya waridi siku hiyo, aliyepitia ukurasa huu anaelewa kwamba haivai kwa kuwa shida zimekwisha.

Sehemu ya tarehe 17 hadi 24 Desemba imefanywa kwa uangalifu ambao sikuutarajia. Masomo ya Misa za siku hizo hufuata tarehe, si siku za juma, hivyo kitabu kinachopangwa kwa mazoea ya "Jumatano ya juma la tatu" hupotoka hapo, na msomaji hujikuta kanisani na Injili tofauti na aliyoisoma. Hiki kimepangwa ipasavyo. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 kimeweka pia zile antifona (viitikio) saba za kale zinazoimbwa katika Masifu ya Jioni pamoja na Utenzi wa Maria, zinazomwita Kristo Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa na Emanueli. Kwa waumini wengi ambao hawajazoea Sala ya Kanisa, huenda hapa ndipo watakapokutana nazo kwa mara ya kwanza. Isitoshe, hicho ndicho kipindi ambacho nyumba nyingi za Dar es Salaam huwa hazina watu: wenye asili ya Kilimanjaro wako ndani ya mabasi kuelekea Moshi na Rombo, na wengine wako njiani kwenda kwao. Shada la mishumaa halisafiri. Kijitabu kinaingia kwenye mkoba, na tafakari zake fupi zinasomeka hata kituoni.

Kasoro zake zipo, na mbili si ndogo. Ya kwanza ni sura ya Sakramenti ya Kitubio, ambayo imepewa ukurasa mmoja tu, tena wa maswali makavu ya ndiyo au hapana yanayofuata Amri Kumi. Uchunguzi wa dhamiri katika Majilio ungeweza kusukwa kutokana na masomo yenyewe, hasa Injili ya Dominika ya pili ambamo Yohane Mbatizaji anawadai wasikilizaji wake matunda yanayoipasa toba, wala hakubali wajitetee kwa kuwa wana wa Ibrahimu. Ingefaa pia msomaji ahimizwe kuungama mapema, kwa kuwa foleni za waungamaji katika siku za mwisho kabla ya Noeli hazimpi padre wala mwungamaji nafasi ya kutulia. Kasoro ya pili ni maelezo ya historia ya shada. Kijitabu kinasema desturi hiyo imetoka kwa Wakristo wa karne za kwanza, jambo ambalo si kweli. Shada la mishumaa kama tunavyolijua linahusishwa na Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, ambaye mwaka 1839 aliwawekea watoto aliokuwa akiwalea gurudumu lenye mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Dominika. Wakatoliki waliipokea desturi hiyo baadaye, na leo Kanisa lina ibada ya kulibariki shada. Sioni aibu yoyote kusema tulikipokea kitu chema kutoka kwa ndugu zetu Walutheri.

Nikija kwenye shada lenyewe, sifa zinapungua. Majani ya plastiki yamebandikwa kwa gundi isiyostahimili joto, na vishikio navyo ni vya plastiki, hivyo mshumaa wa kwanza, ambao ndio unaowaka kwa majuma yote manne, unapofika chini unakuwa hatari kwa nyumba yenye watoto na mapazia. Mishumaa nayo ililegea na kuinama kwa joto la Desemba la Pwani kabla hata haijawashwa yote. Tuliinyoosha na kuihifadhi kwenye friji, shauri ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye boksi. Utepe ndio ulionikera. Ni wa dhahabu inayometameta, umeandikwa "Heri ya Noeli", na unakusudiwa kufungwa kwenye shada tangu siku ya kwanza. Katika kipindi ambacho Kanisa linaagiza kiasi katika maua ya altare na katika ala za muziki, na ambacho wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa za Dominika mpaka Noeli ifike, utepe huo unaipokonya familia kile inachofundishwa na kijitabu kilichomo ndani ya boksi hilo hilo. Tuliuweka kando hadi tarehe 24 jioni.

Mbadala wake si mgumu wala si ghali. Matawi mabichi ya mvinje, ambayo Wapwani wengi wanayatumia tayari kwa mti wa Noeli, yanazungushwa kwenye sinia la bati lenye mchanga, na mishumaa minne ya kawaida inasimikwa humo. Rangi zake zikikosekana hakuna sheria iliyovunjwa. Matawi yakikauka hubadilishwa, maana mvinje mkavu na moto havikai pamoja.

Ushauri wangu kwa anayejiandaa kwa Majilio yajayo ni kukitafuta kijitabu na kuliacha boksi. Tatizo ni kwamba muuzaji alikataa kukiuza peke yake, hata tulipokuwa tayari kulipa zaidi ya bei ambayo ingestahili karatasi na wino. Duka la parokia lingefanya vema kubadili utaratibu huo, kwa sababu jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana kila juma na kusoma Neno pamoja, zingeweza kununua nakala kadhaa kwa fedha ya boksi moja. Kwa wakati huu, jumuiya yetu imeamua kuchanga na kununua seti moja mapema, kabla ya Dominika ya Kristo Mfalme, ile inayotangulia Majilio, na kijitabu kitazunguka nyumba kwa nyumba kufuatana na zamu za sala. Masomo ya Majilio ya 2026 ni ya Mwaka B, hivyo tutahakikisha kwanza kwamba toleo lililopo dukani si hili la 2025.