Globu ya sentimita 30: kibla imo, Sudan Kusini haimo

Nianze na kitu chenyewe, asiye na wakati apate jawabu mapema. Ni globu ya mezani, tufe la plastiki lililobandikwa karatasi, kipenyo sentimita 30, tao la chuma, kitako cha plastiki nyeusi. Nililipa shilingi 3,200 katika duka moja la vifaa vya shule Mombasa, na shilingi 300 za kuipakia basi hadi Mokowe. Ikavuka kwa boti, hamali akaipandisha hadi mlangoni kwangu hapa Lamu. Nimekaa nayo miezi minane. Imetumika kuliko televisheni, na bado nina hasira na aliyeniuzia.

Binti ya kaka yangu yuko gredi ya saba. Muhula ule alirudi na karatasi ya masomo ya jamii, maswali ya latitudo na longitudo kayakosa yote. Nikamuuliza latitudo ni nini, akanijibu mbio kama anayesoma dua: "Ni mistari ya kulala, shangazi, na longitudo ni ya kusimama." Nikamuuliza mistari hiyo ya kazi gani. Akanyamaza. Nikakifungua kitabu chake, nikakuta dunia imechorwa ukubwa wa sarafu, tena ni nakala ya fotokopi, Afrika imekuwa doa jeusi. Sikumlaumu tena. Mimi kazi yangu ni kushona kofia, sikusomea ualimu, lakini najua mtu hawezi kuhesabu vitundu vya kofia ambayo hajaishika mkononi.

Siku ya kwanza tuliiweka kwenye baraza ya daka, ule ukumbi wa mlangoni, kwa sababu ndani giza. Watoto wa mtaa wakajaa. Kila mmoja aliizungusha, akaisimamisha kwa kidole, akasoma jina lililoangukia kidole. Niliwaacha mpaka magharibi. Kesho yake akapita jirani yetu, mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi, akakaa, akaitazama bila kuigusa. Kisha akauliza: "Lamu i wapi?"

Haipo. Haikuandikwa. Tulitafuta kwa namba: digrii 2 na kidogo kusini ya Ikweta, karibu digrii 41 mashariki. Mpwa wangu akashuka na mstari wa longitudo, akavuka na wa latitudo, vidole viwili vikakutana ufukweni. Nikachukua pini ya kushonea, nikatia nukta ya wino mwekundu. Nilipomtazama usoni nikajua somo la ile mistari ya kulala na kusimama limekwisha. Namba mbili, mahali pamoja, hakuna pengine duniani penye namba hizo.

Mzee akaweka ukucha juu ya ile nukta, akapanda nao taratibu. Kaskazini mashariki ya Kenya, Ethiopia, Eritrea, Bahari ya Shamu, mpaka Makka. Kidole hakikupinda ila kidogo mno upande wa magharibi. Makka iko karibu digrii 40 mashariki, sisi karibu 41. "Ndia ni hini," akasema, "yuu moya kwa moya." Ndipo watoto walipofahamu kwa nini wazee wa baharini husema kibla wakimaanisha kaskazini, na suheli, ile nyota ya kusini, wakimaanisha kusini. Kwetu kuelekea kibla na kuelekea kaskazini ni karibu kitu kimoja. Mtoto wa Jakarta haoni hivyo. Tukaizungusha globu tukamtafuta, tukaona yeye kibla chake kiko magharibi. Nimeswali miaka yote hii nikielekea upande ule, na siku ile ndiyo nilipoiona njia yenyewe kwa macho.

Kwa skeli, globu hii ina maandishi madogo kwenye kitako: 1:42,500,000. Tafsiri yake ni kwamba sentimita moja ni kilomita 425. Rula haipindi juu ya tufe, kwa hivyo nilitoa uzi wa kofia. Lamu hadi Makka uzi ulifika sentimita sita na ushei, yaani zaidi ya kilomita 2,600. Lamu hadi Muscat sentimita nane, kama kilomita 3,400. Lamu hadi Nairobi sentimita moja tu na nukta. Mvulana mmoja akashangaa kwamba Nairobi ni karibu hivyo na yeye hajafika, na babu yake alifika Muscat kwa tanga. Mzee akamjibu kwamba kwenda Uarabuni hakukuwa kazi ya miguu, ilikuwa kazi ya upepo: unakwenda na kusi, unarudi na kaskazi, katikati unangoja. Boriti za mikoko zikienda, tende na chumvi zikirudi.

Hapo nikaona nafasi ya kueleza jambo ambalo kitabu kimeliandika kwa mistari miwili. Jua likihamia kizio cha kaskazini, bara la Asia hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya huko hupanda, na hewa ya baharini huvutwa ikajaze nafasi, nayo ndiyo kusi yetu. Asia ikipoa, mambo hugeuka, ikaja kaskazi. Kwenye globu unaliona lile bara lilivyo kubwa juu ya Bahari ya Hindi, unafahamu mara moja kwa nini bahari hii ina pepo za kupokezana namna hii. Babu zetu wakaifuata hewa hiyo wakaoa huko, wakaolewa na huko, wakaleta maneno na mapishi. Upepo ni jiografia ya maumbile, ndoa na biashara ni jiografia ya watu, na katika mji huu huwezi kuvitenga.

Jioni nyingine stima ilikatika. Niliwasha taa ya chemni nikaiweka juu ya sufuria iliyofudikizwa katikati ya chumba, iwe ndiyo jua. Mpwa wangu akaibeba globu akaanza kuizunguka. Mara ya kwanza alikosea kosa ambalo nadhani wengi hulifanya: kila alipogeuka yeye, na globu aliigeuza, ule mhimili ulioinama ukawa unainamia taa wakati wote. Kwa hivyo hakuna kilichobadilika, kaskazini kulikuwa na joto mwaka mzima. Nikamwambia ncha ya juu ielekee ukuta wa msikitini muda wote, popote atakaposimama. Akazunguka tena. Upande mmoja wa chumba Ulaya ikaingia kwenye mwanga na Ncha ya Kaskazini haikupata giza hata akiizungusha globu mara tatu. Huo ndio mwezi wa Juni. Upande wa pili ncha hiyo hiyo ikawa kizani kabisa; Desemba. Ile nukta nyekundu ya Lamu, yeye azunguke asizunguke, nusu mwangani nusu kizani.

Akaisimamisha. "Ndiyo maana ami alifunga saa nyingi kule Uingereza?"

Ndiyo. Ami yake yuko Uingereza, na miaka ile Ramadhani ilipoangukia Juni alikuwa akitusimulia kufunga zaidi ya saa 18, sisi tukamhurumia bila kujua sababu. Sisi huku karibu na Ikweta mchana wetu hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Ile digrii 23 na nusu ya kuinama kwa mhimili ndiyo yenye kazi yote hiyo, na ndiyo sababu nawaambia msinunue globu inayosimama wima kama tunguja kwenye kijiti. Zipo, ni za bei nafuu, nazo hazifundishi majira.

Jambo la adhana nalo lilitokea lenyewe. Tulikuwa tumeshamaliza adhuhuri, redio ikaadhini adhuhuri ya Nairobi. Nikawauliza kwa nini sisi hutangulia. Wakahesabu: dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, digrii moja dakika nne. Nairobi iko kwenye digrii 37 hivi, sisi 41. Mara nne nne, dakika 16. Jua hutupitia sisi kwanza. Saa za ukutani ni moja nchi nzima kwa sababu watu walikubaliana iwe hivyo, jua halikuulizwa.

Nije sasa kwenye hasira yangu.

Wiki ya tatu mpwa wangu alikuwa anatafuta nchi ambazo bandari yetu itazihudumia. Kila mtoto wa Lamu amelisikia jina la mradi huo: bandari ya Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia. Machi 2012 viongozi wa nchi hizo walikuja hapa kuuzindua, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Ethiopia akaiona. Sudan Kusini hakuiona. Sudan ilikuwa moja, kubwa, ya manjano, kutoka Misri mpaka mpakani kwetu. Akadhani amekosea kutazama, akaniita kwa sauti ya wasiwasi. Nikavaa miwani. Kweli haimo. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Nchi kubwa kuliko Kenya, jirani yetu wa kupakana, haimo kwenye kitu nilichouziwa kipya ndani ya boksi lake! Nikashuka chini, nikakuta na "Swaziland", ilhali tangu 2018 inaitwa Eswatini.

Nilipiga simu dukani. Kijana akaniambia, "Mama, zote ziko hivyo, dunia ni ile ile." Nikamwomba nirudishe, akasema boksi limeshafunguliwa. Jawabu la "dunia ni ile ile" liliniuma kuliko zile shilingi 3,200. Milima ni ile ile, sawa. Lakini watu wamepigana, wakapiga kura, wakapata jina na mji mkuu na bendera, na mtoto anayesoma kwa globu hii ataulizwa Juba ni mji mkuu wa nchi gani akose, wala hatajua kwamba aliyemkosesha ni muuza duka. Bidhaa iliyopitwa na wakati iuzwe kwa bei yake na mnunuzi aambiwe.

Tuliitengeneza wenyewe. Nilitafuta ramani mpya kwenye simu, mpwa wangu akachukua markapeni nyembamba, tukafuata mpaka pole pole, mimi nimeshika tufe yeye anachora. Kipande chenyewe ni kama ukucha wa gumba. Akaandika JUBA. Akahesabu majirani: Sudan, Ethiopia, Kenya, Uganda, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mkono ulipofika kwenye Nile akasita. "Mto nao tuukate?" Nikamwambia mto uache, unapita kama ulivyokuwa ukipita. Akauruka, akaendelea na mpaka upande wa pili. Muhula uliofuata alipata lile swali la tofauti ya jiografia ya maumbile na ya watu, akaandika mfano huo wa Nile na mpaka.

Kasoro nyingine ni za utengenezaji. Karatasi za nusu ya juu na nusu ya chini zimekutanishwa kwenye Ikweta, na gundi imepanda juu ya maandishi. Kisumu imefunikwa yote. Sisi tumesalimika kwa sababu tuko milimita sita chini. Skrubu ya juu ya tao ilishika kutu mwezi wa pili, hewa ya chumvi haina huruma. Sasa naipaka mafuta ya nazi. Globu yenye tao la plastiki ingefaa zaidi kwa watu wa visiwani. Majina yote ni ya Kiingereza, kwa hivyo nimebandika vikaratasi vya Kiswahili kwenye bahari na mabara.

Na kuna lisilowezekana kwa globu yoyote. Kwa skeli hii kisiwa chetu chote hakifiki milimita moja. Manda, Pate, Kiwayu, usizitafute. Kwa hivyo Jumamosi moja niliwachukua hadi Shela, nikawapandisha kwenye vilima vya mchanga. Mvua huzama pale, huchujika, na maji hayo matamu ndiyo ya visima vilivyounywesha mji. Wengine walikuwa wakiviona vilima vile kama mahali pa kuteleza tu.

Kwa hivyo kama una mtoto wa gredi ya sita hadi ya tisa, nunua globu, hata kama ni kwa kuchangiana nyumba tatu. Iwe ya sentimita 30, ndogo zaidi macho yatachoka. Iwe imeinama. Lakini usilipe kabla hujafungua boksi ukatazama mahali patatu: Sudan Kusini, ya 2011, Eswatini, ya 2018, na Macedonia Kaskazini, ya 2019. Zikiwemo zote, chukua. Ikikosekana moja, dai upunguziwe au uondoke. Mimi natafuta ya pili, ya madrasa ya mtaani kwetu, na niko tayari kufika shilingi 4,000. Aliyeona nzuri Malindi au Mombasa aniambie kabla shule hazijafunguliwa, na anitumie picha ya upande wa Afrika, si ya boksi.