Kusoma Faili kwa Vipande katika Amazon S3: Tathmini ya Mtumiaji wa Mombasa

Kaseti ya dakika 60, ikigeuzwa kuwa faili ya sauti ya aina ya WAV yenye ubora wa sidii ya kawaida, huwa na baiti 635,040,044. Ninatunza faili nyingi za namna hiyo, nyingi zikiwa kasida na maulidi yaliyorekodiwa majumbani Mji wa Kale enzi za redio kaseti, na zote nimeziweka katika hifadhi ya mtandaoni ya Amazon S3, huduma inayofanya kazi tangu Machi 2006. Sitaizungumzia huduma nzima. Ninalotathmini hapa ni jambo moja tu, nalo ni namna kiolesura chake cha programu kinavyomruhusu mtu kusoma kipande cha faili bila kuipakua yote.

Maalim mmoja, ambaye kaseti hizo ni zake, aliniomba nimsikizishe mwanzo wa upande wa B. Nilikuwa nyumbani kwake na kompyuta iliyounganishwa na bando la simu, na kupakua zaidi ya megabaiti 600 kwa ajili ya dakika moja ya sauti kungekuwa ubadhirifu. Sauti ya aina hii hutumia baiti 176,400 kwa kila sekunde, na katika WAV sahili utangulizi wa faili huchukua baiti 44. Kwa hiyo upande wa B, unaoanza dakika ya 30, uko baiti ya 317,520,044, na dakika moja kuanzia hapo huishia baiti ya 328,104,043. Katika ombi la kawaida la kusoma faili niliongeza sharti moja, Range, lenye thamani «bytes=317520044-328104043», na seva ikaleta megabaiti kumi na nusu, si zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliandika 317520045, kwa sababu nilijiambia kwamba baada ya baiti 44 za utangulizi hufuata baiti ya 45, nikasahau kwamba hesabu huanzia sifuri. Spika zikatoa mchakacho wa kutisha, na Maalim akaniuliza, «Mwanangu, hapa mumerekodi kasida au karai la mahamri?» Kila sampuli ya sauti hiyo, yaani kipimo chake kimoja, ni baiti mbili kwa spika ya kushoto na mbili kwa ya kulia, ukikosea kwa baiti moja, namba zote zinazofuata zinasomwa zikiwa zimepindana, na ukikosea kwa mbili, kushoto kunahamia kulia. S3 haikunionya, wala haikupaswa kunionya, kwa kuwa kwake faili ni msururu wa baiti tu. Ninaiona tabia hii kuwa sifa na si kasoro, ila inamdai mtumiaji aijue faili yake kwa undani. Kumbuka pia kwamba kipande kilichokatwa katikati hakina utangulizi wake: lazima usome baiti 0 hadi 43 kwa ombi jingine, uziunganishe na kipande, kisha urekebishe urefu uliotajwa ndani yake.

Maandishi nayo yana mtego wake. Tenzi nilizochapa kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ambamo kila herufi ya hati hizo ni baiti mbili, na kipande kinachoanza katikati ya herufi huonyesha alama ya swali mahali pa herufi hiyo.

Watumiaji wa Python, lugha ya kuandikia programu, huchanganya mambo mawili yanayofanana. Ukiomba faili nzima kisha ukaisoma kidogo kidogo kwa read(), kumbukumbu ya kompyuta inapumua, lakini ombi ni lile lile moja, na mtandao ukikatika katikati utaanza upya. Ukitumia Range, kila kipande kina ombi lake, na unaendelea pale ulipoachia. Kwa mtandao wa simu unaoyumba kila mvua inaponyesha, ninapendekeza njia ya pili bila kusita. Lakini vipande visiwe vidogo kupita kiasi, kwani kila ombi hutozwa na kila ombi lina safari yake hadi kwenye seva na kurudi: kaseti yangu ikikatwa kwa baiti 8,388,608 inahitaji maombi 76, ilhali kwa baiti 1,024 yanafika zaidi ya 620,000. Amazon wenyewe hutaja megabaiti 8 au 16 kuwa ukubwa wa kawaida.

Kagua daima namba ya jawabu ambayo seva huirudisha. Namba 206 ni kipande ulichoomba. 200 ina maana umeletewa faili nzima. 416 ni kwamba umeanzia mbali kuliko mwisho wa faili. Ukitaja mwisho uliopita urefu wa faili hakuna kosa litakalotajwa, utapewa kilichosalia tu, basi pima urefu wa ulichopokea. Faili ikiwa inaweza kubadilishwa wakati unaisoma, ambatisha ETag, alama inayotambulisha toleo lake, kwa sharti la If-Match, na seva itakujibu 412 badala ya kukupa nusu ya toleo la zamani na nusu ya jipya.

Kinachonikera ni kwamba ombi moja haliruhusu vipande viwili vilivyo mbalimbali, ingawa kanuni za HTTP, ambazo maombi haya hufuata, zinalitambua jambo hilo. Kwa hiyo utangulizi na kasida havitakuja kwa safari moja. Pia, faili zilizohamishiwa Glacier Flexible Retrieval, daraja la S3 la kuhifadhi faili zisizotumika mara kwa mara, hazisomeki hata baiti moja hadi zirejeshwe kwanza, kazi ambayo kwa njia ya kawaida huchukua kati ya saa 3 na 5. Kaseti za Maalim nimeziacha katika daraja la kawaida, kwa sababu yeye huagiza kasida baada ya swala ya alasiri na hutaka kuisikia kabla ya magharibi.