Skrini kijani, mafaili hayapo: uzoefu wangu na programu ya kufuatilia watumiaji kwenye seva

Sikuwa na mpango wa kuandika, ila leo wamenitumia ankara ya kuongeza mkataba na damu imechemka. Jina silitaji. Waliowekewa na hao jamaa wanajijua.

Sisi ni ofisi ya usambazaji, Dar, watu kama arobaini, wote wanaingia kwenye seva moja ya Windows. Kila asubuhi wimbo ni uleule: "Kaka, inazunguka tu." Tukanunua programu ya kufuatilia: nani kaingia, saa ngapi, profaili yake, yaani desktopu, mafaili na mipangilio yake, imechukua sekunde ngapi kufunguka. Kuiweka haikuwa kazi. Nusu siku, chai mbili, skrini ya ukutani ikawaka kijani. Nikajiona mjanja.

Siku moja, mwisho wa mwezi, mambo ya mishahara yamepamba moto, mama wa uhasibu akaniita. Desktopu yake tupu. Picha ya wajukuu haipo, mafaili hayapo. Windows ilikuwa imempa profaili ya muda, na ule ujumbe wa pembeni aliufunga bila kuusoma, kama sote tunavyofanya. Profaili ya muda ni chumba cha gesti: ukishatoka, ulichoacha kinafagiliwa. Naye alikuwa ameshatoka mara moja, saa ya kula, baada ya kuhifadhi jedwali la ovataimu palepale kwenye desktopu. Kazi ya asubuhi nzima. Wala hakupiga kelele. Aliniangalia tu: "Mwanangu, si mlisema mmeweka kitu cha kutuangalia?"

Nikaenda kwenye skrini. Jina lake kijani, sekunde 6. Yaani siku ile alikuwa miongoni mwa walioingia haraka kuliko wote! Bila shaka! Profaili tupu ina nini cha kupakia? Programu inapima mwendo, haiulizi kilichofunguka ni cha nani. Na Windows yenyewe ilishaandika tukio namba 1511 kwenye logi, daftari lake la matukio, bila kificho: profaili ya huyu haikupatikana, amepewa ya muda. Tuliyemlipa atusomee logi hakulisoma.

Nikawapigia simu wenye programu. Kijana akaanza kwa kuniuliza kama nimesoma mwongozo. Nikameza. Nikamweleza yote, na jibu lake lilikuwa hili: "Bosi, mfumo unapima muda. Mambo ya mafaili ni ya kwenu." Nikaomba anielekeze pa kuongeza 1511. Akasema hiyo iko kwenye kifurushi cha juu. Kabla simu haijakatika nikasikia anacheka na mwenzake. Labda walicheka yao, sijui. Mimi nilichukulia ni mimi.

Nilijifanyia mwenyewe, kwa Task Scheduler, kipanga kazi kilichomo ndani ya Windows: 1511 ikitokea, skripti, yaani amri chache tu, initumie barua pepe. Dakika kumi, senti sifuri. Kwenye rejista, pale Windows inapotunza mipangilio yake, chini ya ProfileList, orodha ya profaili, ufunguo wa yule mama ulikuwa umebandikwa .bak mwishoni, ndiyo maana Windows haikuuona; nikaurekebisha, wajukuu wakarudi. Jedwali la ovataimu ndiyo basi tena.

Sasa nisiwe mchoyo wa ukweli. Programu hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha kwa nini afisa mauzo mmoja alikuwa anasubiri dakika nne kila asubuhi. Grafu inakata vipande: sera za kikundi, yaani kanuni za ofisi ambazo Windows inampa kila anayeingia, sekunde chache, profaili ndiyo yote iliyobaki. Profaili zetu zinakaa kwenye seva ya mafaili na kunakiliwa upya mtu anapoingia, na ya huyu bwana ilikuwa na GB 9. Video za send-off ya dada yake, zote kwenye desktopu. Tukazihamisha, akaanza kuingia kabla hajakaa vizuri kitini. Bila ile grafu ningekuwa bado nalaumu mtandao. Wiki ile ningewapa nyota tatu, na huenda nne.

Halafu ndiyo hii ankara. Nimeisoma mara mbili: wameshaingiza kifurushi cha juu, kile cha 1511, bila kuniuliza. Bei karibu mara mbili. Nyota moja, na hiyo ni ya grafu.

Mama wa uhasibu siku hizi anahifadhi kila kitu kwenye flashi anayoining'iniza shingoni na kitambulisho. Kanuni za ofisi zinakataza. Sijamwambia kitu.